Siga za Posa

Habari ya siku ile imeshazunguka Kimara, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake. Wengine wanasema baba mdogo alizimia. Hakuzimia. Wengine wanasema wakwe walileta bangi. Hiyo nayo si kweli, na ni kuwaonea watu. Naandika nilivyoona na nilivyonusa, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina. Mie ni fundi seremala, karakana yangu ipo Chang'ombe, shule niliishia la saba. Pua yangu imekaa na vanishi na gundi miaka mingi, kwa hiyo kwenye mambo ya harufu msomaji asinitegemee sana. Ila siku ile sikuwa na pua nyingine.

Binti yangu mkubwa alikuwa anaposwa. Sie ni watu wa Songea, na kwetu tumbaku ni zao la nyumbani. Kwenye ukoo wetu mposaji haji bila tumbaku ya babu. Sijui kama ni desturi ya Wangoni wote au ni ya ukoo wetu tu, nisije nikawasingizia wengine. Baba yangu mzazi alishafariki, hivyo tumbaku hupokelewa na mdogo wake, yaani baba mdogo wangu, anayekaa Temeke kwa mtoto wake. Binti anamwita babu.

Huyu mzee ujana wake wote aliumalizia kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moshi, na mpaka leo hakai bila kopo lake la ugoro. Utaratibu wake ni kwamba tumbaku inaonjwa palepale mbele ya wageni. Akipiga chafya, imepokelewa, na mazungumzo yanaendelea. Asipopiga, inarudi ilikotoka, na wenyewe wanarudi nayo.

Tulishawahi kurudisha watu. Mposaji wa kwanza wa binti yangu alileta pakiti ya sigara za dukani. Baba mdogo akapasua moja, akanusa, akasema, "Hii ni karatasi," na wageni wakaondoka hata soda hawajamaliza. Sitaki kumsema mzee, alifuata alivyofundishwa. Wala sisemi wale wageni walikuwa na dharau, pengine hawakuelezwa vizuri. Huyo wa kwanza, binti hakumlilia sana. Lakini huyu wa pili alikuwa wa moyoni mwake. Alimwambia mama yake jikoni, nami nikasikia nikiwa koridoni, "Mama, huyu naye akirudishwa, msinitafutie mwingine. Nitakaa." Na namjua mwanangu. Akisema atakaa, anakaa.

Basi wakaja Jumamosi mchana, kutoka Madale. Asili yao ni Kilimanjaro. Kijana mwenyewe hakuja, ndivyo ilivyo. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, karani mstaafu, mtu wa suti na kiatu kinachong'aa, anayeongea taratibu kama anasoma. Kwetu msemaji ni baba mdogo. Mie baba mzazi sina ruhusa ya kufungua mdomo mpaka jibu litoke, nikiongea natozwa faini. Nilikaa kwenye kigoda changu pembeni, mikono magotini. Wanawake walikuwa jikoni, na kati yetu na wao kulikuwa na pazia tu.

Alikuwepo pia jirani yetu, mama wa Iringa. Wahehe na Wangoni ni watani, hivyo kwenye shughuli kama hii yeye ana kibali cha kumtukana mtu yeyote, na hakuna wa kukasirika. Alijipa kiti karibu na mlango kama mwenye nyumba.

Wageni wakatoa kitenge cha mama, wakatoa blanketi la bibi. Halafu yule baba mkubwa akatoa kisanduku cha mbao kinachoenea kiganjani, akakifungua kwa vidole viwili. Ndani mlikuwa na vitu vitatu vya kahawia vimelala sambamba. Vifupi, kama kidole changu cha shahada, na vinene zaidi kidogo. Kila kimoja kimevalishwa kipete cha karatasi chenye rangi ya dhahabu.

"Wazee," akasema, "kwetu sisi tumbaku hatuijui sana. Kwetu mngeletewa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sasa nilipoambiwa kuna tumbaku ya babu, nikaenda sokoni kuiangalia, nikaiona imefungwa kwenye gazeti. Nikasema hapana, siwezi kumpelekea mzee wa watu kitu cha gazeti. Nikaenda mjini, kwenye duka la hoteli. Hizi zinaitwa siga. Zimeviringishwa kwa mkono, moja moja."

"Mtani!" jirani akadakia. "Babu kaletewa vidole vya tumbili!"

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alichukua moja, akaipima uzito.

"Ni ndogo," akasema.

"Ndogo, mzee, lakini ni ya daraja la juu. Haina karatasi ndani. Jani juu ya jani tupu."

"Haina karatasi?"

"Haina. Ila hicho kipete, na hicho kinatolewa."

Nikamwona mzee amelegea kidogo mabega, nami nikapumua. Kisanduku kikazungushwa ili kila mtu aone, kikafika kwangu. Hapo ndipo nilipoinusa mara ya kwanza. Kwanza nilisikia ubao wenyewe, nadhani ni mwerezi, maana una ule ukali mtamu unaotoka ukipitisha randa. Chini ya ubao ndipo ikaja tumbaku, na sikuitambua. Tumbaku ya kwetu inanuka moshi na inakupiga kwenye paji la uso kabla hujajiandaa. Hii ilikuja kwa chini. Ilikuwa na harufu ya udongo wa shambani uliofunikwa na majani makavu, na ngozi ya kiatu kipya, na kakao ile isiyo na sukari. Mwisho kabisa kulikuwa na kitu kama pilipili manga, kidogo tu, kama mtu amepita nayo dirishani. Nikasitasita kukirudisha kisanduku. Aliyekaa kando yangu akanigusa kiwiko.

Baba mkubwa wa kijana alikuwa ameshatoa kikatio chake na kibiriti. Akaanza kuelekeza: unakata kichwa kidogo tu, unaikaribisha kwenye moto polepole ukiizungusha, unavuta moshi unakaa mdomoni, humezi.

Baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mie sivuti. Mie ninanusa."

Kikatio cha mgeni kikabaki hewani.

"Hii hainuswi, mzee," yule akasema taratibu. "Inavutwa."

"Tumbaku ni tumbaku." Na kabla hatujajua anafanya nini, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye ile siga, akaichana kuanzia juu hadi chini kama mtu anayechambua mboga. Nilimwona mgeni anafumba macho. Sijui aliilipia nini, na sikuuliza, lakini uso wake ulinionyesha.

Majani yakalala kwenye paja la mzee. La nje lilikuwa jeusi la mafuta mafuta, laini, halina hata mshipa. Ya ndani yalikuwa yamekunjwa kama mikunjo ya kitambaa. Mzee akayageuza, akasema kwa uhakika wote, "Hii imekaushwa kwa moshi, kama yetu."

"Hapana, mzee. Muuzaji alisema inakaushwa kivulini, kwa upepo. Halafu inalundikwa mpaka inapata joto lake yenyewe."

"Muuzaji alikuwepo ikikaushwa?"

Mgeni akakirudisha kikatio mfukoni. Mie niliona mgeni yuko sahihi, maana moshi sikuusikia kabisa, lakini nani aliniuliza?

Yale majani yalikuwa na unyevu, hayasagiki. Yakapelekwa jikoni yakakaushwe kwenye kikaango. Nyumba nzima ikajaa harufu ya kashata inayotaka kuungua, na kahawa, na pilau likiwa linaiva palepale, na jirani akapiga kelele, "Hivi hawa wamekuja kuposa au kufukiza mbu?" Yakishakauka yakatwangwa. Hapa sina hakika ya jambo moja. Mke wangu anasema mie ndiye niliyechungulia pazia nikamnong'oneza atumie kinu kidogo. Mie nakumbuka aliyesema ni jirani. Tuliache hapo. Kinu kidogo kilitumika, unga ukaletwa kwenye kisahani, mzee akachanganya na magadi kidogo ya kopo lake.

Akachukua kwa vidole viwili, akanusa pua ya kulia, akanusa pua ya kushoto, akakaa sawasawa. Tukamsubiri.

Hakupiga chafya. Akakunja uso. Akanusa tena kile kilichobaki kwenye vidole.

"Mmeitia manukato," akasema.

"Mzee?"

"Tumbaku safi haihitaji manukato. Anayetia manukato anaficha uozo." Akakisukuma kisahani kwa kidole kimoja, mbele, kuelekea kwa mgeni.

Lazima nieleze uzito wa neno lile. Kuleta tumbaku hafifu ni aibu ndogo, mtu anaambiwa akatafute nyingine. Kuleta tumbaku iliyofichwa kasoro ni kusema kwamba hata kijana wenu ana kasoro mnayoificha. Hapo hakuna kurudi tena. Mgeni alilielewa hilo bila kuelezwa. Akasimama, akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Sisi si wadanganyifu, mzee. Kama ni kukosea, tumekosea kwa heshima. Lakini si wadanganyifu."

Nikatazama chini, na chini ya pazia nikaona miguu ya binti yangu, na kucha alizopakwa hina kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa amesimama pale muda wote. Miguu ikageuka, ikaondoka.

Mie nilikuwa na neno. Nilikuwa nimekinusa kile kisanduku, na manukato sikuyasikia. Lakini nikajiuliza, nina hakika? Pua hii ya vanishi? Na kingine kibaya zaidi: nilitaka sana ndoa ile ipite, na mtu akitaka kitu, pua yake nayo inaanza kumpendelea. Kama ningemtetea mgeni kwa kudanganya, hata bila kujua, ningekuwa nimemwoza mwanangu kwa uongo. Na kama ningenyamaza hali mgeni ni mkweli, je? Mgeni alikuwa amefika kifungo cha mwisho.

"Baba mdogo," nikasema, "naomba kusema."

"Faini!" Jirani akaruka kutoka kitini. "Baba wa bibi harusi kaongea! Faini, kuku!"

"Nitatoa kuku."

"Kuku wawili! Umeongea mara mbili!"

"Hata watatu, mama, niache nimalize." Nilisikia sauti yangu inatetemeka kama ya mtu anayeomba kazi. "Baba mdogo, kisanduku kilipita mikononi mwangu. Mie nilisikia ubao, nikasikia udongo na ngozi na kakao, na pilipili kwa mbali. Manukato sikusikia. Lakini naweza kuwa nimekosea. Naomba ulichosikia wewe, ukitaje jina."

Mzee akanigeukia. Hakupenda. Lakini akarudisha vidole puani, akafikiri.

"Kitu kama cha chai," akasema.

"Basi naomba kinu kije."

Mke wangu akakipitisha kinu kwenye pazia, hakutoa hata mkono wote. Baba mdogo akaingiza pua ndani, akakaa humo. Akampa mgeni, naye akaingiza pua, na tai yake ikaingia nayo.

"Iliki," mgeni akasema.

"Iliki," mzee akasema.

Sauti ya mke wangu ikatoka jikoni, ina hasira na machozi ndani yake: "Ni ya chai yenu ya asubuhi, baba! Na tangawizi imo pia, mkitaka kujua!"

Kicheko kilitaka kutoka, lakini hakikutoka bado, maana mie nikaongeza neno lingine. Mke wangu mpaka leo ananisema kwa neno hilo, anasema nilitaka kuibomoa shughuli iliyokuwa imeshasimama. Nilisema, "Lakini iliki ya kwenye kinu haisemi kwamba kwenye siga hamna kitu. Ichanwe nyingine, bila kinu, hapahapa, sote tukiona."

Mgeni akafungua vifungo vya koti, akakaa. "Huo ndio uungwana," akasema. Akaitoa kipete mwenyewe siga ya pili, akaichana kwa mikono yake, na safari hii hakufumba macho. Jiko la mkaa likaletwa sebuleni, majani yakakaushwa juu ya mfuniko safi. Baba mdogo akanawa mikono kwa sabuni, akaisugua hadi ikanukia sabuni, akanawa tena kwa maji matupu. Akayafikicha majani kwenye viganja vyake, taratibu, yakawa unga wa kahawia usio na vumbi. Akanusa viganja kabla hajatia magadi.

"Ni ya kivulini," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Moshi hamna. Kweli." Kisha akamtazama mgeni. "Nilikosea."

Sikuwahi kumsikia baba mdogo akilisema neno hilo. Sijui kama aliwahi kulisema nikiwa sipo.

Akanusa kulia. Akanusa kushoto. Akakaa. Macho yakamlegea. Mdomo ukafunguka, tukainama mbele wote, wageni na wenyeji, kama tumefungwa kamba moja. Mdomo ukafunga. Mtu mmoja akaguna.

"Msimguse," jirani akanong'ona, "isije ikarudi ilikotoka."

Mdomo ukafunguka tena, kichwa kikaenda nyuma, na ile chafya ikatoka. Kofia ikamtoka kichwani ikaangukia kwenye pakacha la maembe waliyoleta wageni.

"Afya, mzee!" mgeni akapiga kelele, amesahau kabisa taratibu zake za kuongea kama anasoma.

Mzee akainua kidole tumsubiri, akapiga ya pili, na jikoni vigelegele vikaanza. Mie nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimeyabana magoti kwa mikono hadi vidole vikawa havinisikii.

Binti akaitwa. Akaja na kanga kichwani, macho mekundu, akapiga magoti mbele ya babu yake.

"Hawa watu unawajua?"

"Nawajua, babu."

"Tupokee vyao?"

"Pokeeni."

"Sema kwa nguvu, sikio moja limeziba kwa chafya."

"Pokeeni, babu!" Akacheka, na sote tukacheka, na ndipo kile kicheko kilichokuwa kimekwama tangu kwenye kinu kikatoka chote.

Wakati sahani zinapangwa, baba mdogo akamtupia mgeni kisanduku chenye siga iliyobaki. "Hiyo kaivuteni nyie mnaokula moshi. Mchukue na huyu msema sana."

Tukatoka, mgeni na mie, tukaenda nyuma ya nyumba kwenye tangi la maji. Akaikata kichwa, akaiwasha polepole akiizungusha, njiti mbili zikamzimikia. Akavuta, akakohoa mpaka akashika tangi.

"Mkwe," akasema akipangusa macho, "nikwambie ukweli? Mie hii kitu sijawahi kuivuta. Yote niliyosema pale ndani nilielekezwa na yule wa dukani."

"Mie nilidhani ndiyo zako za kila Jumapili."

"Zangu za kila Jumapili ni soda." Akanipa.

Mvuto wa kwanza nami niliumeza, nikaona nyota mchana. Ulikuwa mchungu, uchungu wa kahawa ya kwenye vikombe vidogo, ule unaokaa pembeni mwa ulimi. Wa pili nikauweka mdomoni kama alivyoelekeza, na hapo nikaielewa, au nadhani niliielewa. Uchungu ulikaa pembeni ukapisha utamu, si wa sukari, ni wa karanga iliyokaangwa na ganda lake. Katikati ukaja ubao, na pilipili ikarudi, sasa inachoma kidogo kwenye paa la mdomo. Moshi wake ni mzito lakini mpole, haukimbilii kooni. Majivu yalisimama meupe bila kudondoka. Nilivyoiona mie, siga ile haina haraka na haipigi kelele, na kwa kuwa ni fupi haikuchoshi, ni kama mgeni anayeaga wakati bado mnataka aendelee kuongea. Mwenye pua nzuri zaidi anaweza kuisema vizuri zaidi. Sidai kwamba sasa mie ni mvutaji, na sikuinunua tena.

Tulikuwa tunapokezana. Mara akaniambia, "Nilijua tunarudi Madale na kitenge chetu."

"Hata mie nilijua mnarudi."

Tukacheka tena, kwa sauti ya chini, kama watu waliokoswa na gari.

Mlango wa nyuma ukafunguka, binti akatokeza na jagi la maji ya kunawa. Baba mkubwa wa kijana, na suti yake na umri wake, akaificha siga nyuma ya mgongo kama mwanafunzi.

"Shikamoo, baba mkubwa," binti akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, amesimama wima, na moshi unampanda polepole juu ya bega. Binti akaangalia maji, akaangalia jagi, akaangalia kila kitu isipokuwa moshi ule, akatumiminia maji tukanawa. Mwenzangu alinawa mkono mmoja tu.